Waya Ndani ya Chupa

Juu ya meza ya Opereta, kati ya redio na ukuta, palikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana ambayo zamani ilikuwa ya jemu. Haikuwekwa kalamu wala sukari, na mgeni aliyetaka kukung'utia majivu ya sigara humo alitolewa nje kwa upole lakini kwa haraka. Chupa ile ilikuwa ya radi. Wingu likijijenga upande wa mashariki, kule mbugani, Opereta alifungua waya mnene wa antena nyuma ya redio, akaitumbukiza ncha yake ndani ya chupa, kisha akarudisha kiti nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Hapo alikaa, mikono juu ya magoti, akiutazama waya kama mtu anavyomtazama mgonjwa na kusubiri apumue tena.

Nilifanya kazi naye miaka mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi, mimi nikiwa mtunza stoo. Kazi yake ilikuwa simu ya upepo, yaani redio ambayo kiwanda kiliitumia kuzungumza na vituo vya kununulia pamba huko vijijini. Jina lake lilikuwepo kwenye faili, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mke wake alipofika getini alimuulizia Opereta.

Alikuwa mwoga. Nalisema hili bila dharau, na yeye mwenyewe alilisema kabla yangu. Alikuwa na baiskeli nzuri aliyoisukuma kwa mkono kutoka Somanda hadi kiwandani, akiipanda tu pale barabara ilipokuwa tambarare na tupu. Aliogopa mbwa, hata waliofungwa. Aliogopa sindano, na alipougua malaria alikunywa vidonge vichungu kwa wiki nzima badala ya kuvuka lango la hospitali. Ila siku fira alipokutwa stoo kwangu, amejiviringisha nyuma ya magunia matupu, wote tulikimbia, na Opereta ndiye aliyeingia na ufito, akatoka naye amekufa, akamlaza chini. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Nyoka unamwona anakotokea," alisema, akaenda kunawa.

Mtu huyohuyo akishavaa hedifoni alikuwa mwingine. Sauti yake ilipanda, ikanyooka. "Vituo vyote, vituo vyote, hapa Bariadi. Mwangaluka!" Nao wakaitikia salamu hiyo ya asubuhi ya Kisukuma, mmoja baada ya mwingine, sauti zikipasuka kwa mikwaruzo, kila mmoja akisoma kilo za pamba alizonunua jana yake. Aliviita kwa mpangilio uleule kila asubuhi, na kituo cha Lalago alikiweka mwisho.

"Lalago, unanisikia?"

"Nakusikia, Bariadi. Mwangaluka, mzee."

"Lalago, unanisikia?"

"Nimeshakujibu, mzee. Au unataka nikuimbie?"

"Sema tena tu, baba."

Yule wa Lalago alikuwa kijana mcheshi, akasema tena, na siku nyingine aliimba kweli. Sisi tuliosimama dirishani, tukisikiliza spika ndogo ya redio, tulicheka. Opereta hakucheka. Alisubiri sauti imalizike, ndipo akaandika.

Sababu yake alinieleza mara moja tu, tulipokuwa tukiongeza maji kwenye betri ya redio, na hakuinua macho. Kabla ya kijana huyo, Lalago alikuwepo opereta mwingine, rafiki yake ambaye walifundishwa kazi pamoja. Msimu ulikuwa ndiyo umeanza na mvua za mwisho hazijakatika. "Alikuwa ananisomea uzito," alisema. "Nikasikia mlio masikioni, mfupi, kama mtu amevunja ubao mkavu. Nikasema, Lalago, rudia. Nikasema, rudia." Alifunika mdomo wa betri kwa kizibo chake, akakikaza. "Nilisema rudia mpaka walipokuja kunivua hedifoni."

Radi ilikuwa imeshuka kwa mlingoti wa kule, ikafuata waya hadi mezani.

Tangu hapo ndipo ilipokuja chupa. Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa vya umeme, vya kujifundisha mwenyewe, nikamweleza kwamba kioo hakipitishi umeme lakini radi iliyosafiri angani kote haitashindwa na chupa ya jemu. Alinisikiliza vizuri. Akakubali. Akaendelea na chupa. Kuchomoa waya kulikuwa na maana, nilimpa haki yake, na chupa aliihitaji kwa sababu nyingine ambayo vitabu vyangu havikuwa nayo: ilimwonyesha kwa macho kwamba waya umeachana na redio.

Alikuwa mzee wa kanisa, mwimbaji wa besi, na mambo ya waganga aliyapinga waziwazi. Mtu akisema radi hutumwa na jirani mwenye chuki, Opereta alimkatiza: "Radi haina chuki. Ingekuwa na chuki tungeiomba msamaha." Lakini mtu mwenye nguo nyekundu hakukanyaga chumba chake mvua ikikaribia, kama wazee wetu walivyokataza, na kioo chake kidogo cha kunyolea ndevu alikigeuzia ukutani. Ukimuuliza hilo linakaaje na kanisa, alisema, "Kaa nje kwanza. Tutajadili jua likitoka."

Hofu ya pili ilitujia wote kwa pamoja. Ilikuwa miaka ambayo viwanda vya ushirika viliuzwa kwa watu binafsi, na chetu kikanunuliwa na kampuni ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Nusu ya wenzetu waliondoka. Meneja mpya hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na desturi moja: aliyekuwa anaondolewa aliitwa ofisini kwa ujumbe wa maneno matatu, "Njoo na funguo." Ukiitwa bila funguo, ulikuwa salama. Nimewahi kumwona fundi mitambo, mtu mwenye kifua kama mlango, akipokea ujumbe huo na kukaa chini palepale kwenye vumbi la pamba. Baada ya hapo kila mtu aligusa funguo zake kabla ya kuuliza, "Ameniita mimi?" Opereta aliuvaa wa kwake shingoni kwa uzi, ndani ya shati.

Halafu kikaja kiboksi.

Kampuni ilikuwa imesimamisha dishi la setilaiti uani, na ikamleta fundi kutoka Mwanza kufunga kifaa cha kusambaza mtandao bila waya, ili kompyuta ya Meneja, ya mhasibu na ile ya kwenye mizani ya magari zote zizungumze na makao makuu. Kilikuwa kiboksi cheupe, bapa, chenye taa ndogo za kijani. Fundi alikifunga kwanza darini mwa ofisi. Meneja akapata mtandao, mhasibu akapata, mizani ikakosa, kwa sababu jengo lile la zamani lina kuta nene za mawe na paa la bati. Fundi akazunguka nje, akatazama juu, na macho yake yakaishia pale nilipohofia yangeishia: kwenye mlingoti wa simu ya upepo.

Umeme wa mjini ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo alihitaji pia betri. Betri iliyokuwa na afya pale kiwandani ilikuwa moja, ya Opereta, iliyochajiwa na paneli ya jua aliyoifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Siku hiyo fundi alivaa fulana nyekundu. Jua lilikuwa kali, hivyo aliruhusiwa kuingia.

"Shikamoo, mzee. Nakuletea mgeni," alisema, akiweka mezani adapta nyeusi. "Hapa unaingia mtandao, hapa unaingia umeme wa betri yako, na huku vinatoka vyote viwili kwa waya mmoja, vinapanda mlingotini. Hakuna haja ya kupeleka umeme juu kwa waya wake."

"Kwa hiyo umeme unapanda na maneno?"

"Ndiyo. Ukichomoa waya huu umeua vyote. Kwa hiyo usiuchomoe."

"Na kikitoka juu kushuka?"

"Kitu gani?"

Opereta alimtazama, kisha akaitazama chupa. "Umeweka kinga ya radi?"

"Imeagizwa, mzee. Itakuja."

Haikuja. Mlingoti ulikuwa na waya wa shaba ulioshuka ardhini tangu enzi za ushirika, lakini Opereta hakuuamini, kwani hata wa Lalago ulikuwa nao.

Meneja alitutangazia mwenyewe, amesimama kati ya madawati. Simu ya upepo itaendelea hadi mtandao uthibitike. Ukishathibitika, vituo vyote vitapewa simu za mkononi na chumba cha redio kitafungwa. Hakumtazama Opereta aliposema hivyo, na sote tulimtazama kwa niaba yake. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika kifua pale ulipokuwa ufunguo.

Basi akawa mlinzi wa kitu kilichokuja kumwondoa. Alikilisha kwa betri yake. Alipima maji ya betri, akafuta paneli, akakaza nati za adapta. Umeme ulipopungua, yeye alizima redio yake ili kiboksi kisizimike, akasubiri jua ndipo aite vituo. Karani wa mizani, mama mnene mwenye ulimi mkali, alimshangaa.

"Opereta, hicho kidude kitakula ugali wako, nawe unakipakulia!"

"Betri ni yangu, mama. Mgeni akila kwangu, atakula akashiba."

Huyo ndiye niliyemfahamu. Lakini mvua za kwanza zilipokaribia tukaanza kukosa mtandao mchana, na kila ulipokatika, waya wa kiboksi ulikutwa ndani ya chupa, pamoja na wa antena, ncha mbili zimelala pamoja. Mwanzoni ni mawingu meusi kweli. Kisha hata wingu jembamba, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Mizani iliganda magari yakiwa juu yake. Madereva walitukana. Karani alitoka nje, akaangalia mbingu mkono juu ya paji la uso, akarudi akipiga kelele.

"Radi iko wapi? Nionyesheni radi! Huyu haogopi radi, anaogopa kiboksi. Anakichomoa ili kionekane kibovu."

Wengine walikubali. Mhasibu alikubali. Mimi sikujua, na jambo hilo lilinisumbua kwa sababu nimezoea kujua. Niliyatafakari kwa utaratibu. Hakuwahi kuuchomoa jua likiwa safi, hilo lilimtetea. Lakini zamani, redio ikiwa peke yake, hakuwahi kuuchomoa kwa wingu jembamba namna ile, hilo lilimshitaki. Na mikono yake ilitetemeka kila mara. Mtu anaweza kutetemeka kwa hofu hii au ile, na mikono haisemi ni ipi.

Nilikwenda kumwonya. "Opereta, watu wanasema."

"Najua wanachosema."

"Ni kweli?"

"Leo kuna wingu au hakuna?"

"Lipo, dogo."

"Basi usisimame hapo kwenye bati," alisema.

Siku yenyewe ilikuja marobota ya mwisho ya pamba yakiwa bado ghalani. Makao makuu yalikuwa yamempata mnunuzi wa nje na yalitaka hesabu za uzito moja kwa moja kutoka mizani, gari kwa gari. Meneja alishinda kwenye kompyuta bila kula. Naye alikuwa na watu wa kuwaogopa. Simu yake ilipoita alisimama kabla ya kuipokea. Asubuhi alikuwa ametuambia, "Leo mtu asiguse waya wowote."

Baada ya chakula cha mchana upepo ukabadilika. Vumbi na nyuzi za pamba vikapita mlangoni, upande wa mashariki ukawa na rangi ya bluu ya michubuko, na ngurumo ya kwanza ikasikika mbali, ndefu, kama pipa linaloviringishwa. Nilikuwa ofisini kwa ajili ya saini. Opereta akatokea mlangoni. Hakuingia.

"Meneja. Wingu."

"Naliona."

"Naomba nichomoe. Likipita narudisha mwenyewe."

Meneja hakugeuka. "Gari tatu zimebaki. Ukichomoa leo, njoo na funguo."

Karani, yule yule aliyemshitaki siku zote, alikuwa ameleta karatasi za mizani, akamshika Opereta mkono wa shati. "Baba, kaa chini," alimnong'oneza. "Acha kipigwe hicho kiboksi chao. Kaa hapa na sisi."

Ngurumo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Nilimwona uso wake. Nimeona watu wakiogopa, nimeogopa mimi mwenyewe, lakini sijaona tena uso kama ule: midomo ilikuwa ikisema kitu bila sauti, tena na tena, neno moja fupi. Aliutoa mkono wa karani taratibu. Akaondoka akiwa ameinama, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akavuka ua. Tulihesabu hatua zake kwa masikio. Kisha kwenye kompyuta ya Meneja kila kitu kikasimama.

Tukasubiri. Naweza kukiri kwamba wote pale ndani tuliitaka radi. Karani aliitaka ili mzee awe na haki. Meneja, nafikiri, aliitaka ili asilazimike kufanya alichoahidi. Tulitazama mlingoti kupitia dirishani, mwembamba, kiboksi cheupe kileleni, na wingu likapita juu yake likiwa zito kama tumbo la ng'ombe. Likadondosha matone makubwa machache. Likanguruma mara moja zaidi, kule mbele, likielekea ziwani. Jua likatoka. Mlingoti ulikuwa umelowa na mzima.

Opereta akarudi. Alikuwa amesharudisha nyaya zote mbili, na taa za kijani zilikuwa zikiwaka. Alivua uzi shingoni, akauweka ufunguo mezani kwa Meneja, na chini ya kwapa alikuwa ameshika chupa ya jemu.

"Redio nimeiacha imewashwa," alisema. "Vituo vitaita asubuhi. Mtu awajibu."



Asubuhi Meneja alichelewa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Nilipofungua stoo nilisikia sauti ikitoka chumba cha redio, nyuma ya mlango uliofungwa. Ilikuwa Lalago. Mwanzoni alitania. "Bariadi, leo umelala? Nikuimbie?" Baadaye hakutania tena. "Bariadi, Bariadi, unanisikia? Bariadi, rudia." Karani alikuja akasimama kando yangu. Tulisukuma mlango. Ulikuwa mzuri, wa mbao ngumu za ushirika. "Bariadi, rudia," ilisema ile sauti, na karani akaziba masikio.

Mlingoti ule haukuwahi kupigwa. Nimekaa pale miaka mingine mingi, kiboksi kimebadilishwa kwa kipya na kipya tena, na radi imepiga miti, ng'ombe na paa za watu wengine. Ningependa kusema ilikuja baadaye ikamthibitisha. Haikuja.

Nilimwona mara ya mwisho tukiwa tayari ni mkoa wetu wenyewe, Simiyu, na barabara ya Ngulyati ikiwa imejaa bodaboda. Nilikuwa nimestaafu, nikasikia anaishi huko Ngulyati kwa binti yake, mwalimu. Nilimkuta uani akichambua mchele, mwembamba, macho mazima. Nilipopiga hodi alinitambua kwa sauti kabla hajanitazama vizuri.

"Mwangaluka, Stoo!"

"Mwangaluka, Opereta."

Binti alituletea uji wa karanga. Kupitia mlango wa sebule, juu ya kabati, niliona kiboksi cheupe chenye taa za kijani. Waya wake ulipita dirishani, ukapanda hadi kidishi juu ya bati. Aliniona nikikitazama, akacheka. "Kimenifuata," alisema. "Hiki hakina hila. Wajukuu wanakipenda."

Tuliongea juu ya waliokufa na waliohamia. Nilikuwa na swali langu, nalo lilikuwa limezeeka ndani yangu. Nikaliuliza wazi: siku zile, alichokuwa anakiogopa ni radi au ni kazi?

Alifikiri huku vidole vikiendelea kutafuta vijiwe. "Wewe unapenda jibu moja," alisema. "Niliogopa vyote, Stoo. Kuna siku nilichomoa na mwenyewe sikujua nachomolea kipi. Lakini ile siku ya mwisho nilijua. Ile hofu ya kazi, Meneja alipotaja funguo, ilikwisha palepale. Nikasubiri nione kama mikono itatulia." Akainua mkono mmoja, akanionyesha. "Haikutulia."

Upepo ulibadilika tukiwa bado tumekaa. Mimi ndiye niliyetazama mashariki kwanza. Opereta aliweka ungo chini, akaingia ndani. Wajukuu wakalalamika kwa pamoja, "Babu, jamani, babu!" na nikamwona akiuchomoa waya wa kiboksi, akichukua kutoka nyuma ya kabati chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaitumbukiza ncha humo. Kisha akasogeza viti viwili hadi mlangoni.

"Kaa hapa. Na hilo shati lako lina mistari myekundu."

"Ni midogo."

"Kaa tu. Tutajadili jua likitoka."

Tulikaa, migongo kwenye mlango. Wingu lilifika kwa kasi, chumba kikawa giza. Kisha ikapiga, karibu sana, weupe na mlio kwa wakati mmoja, na bati lote likalia juu yetu. Sikuona kitu kwa muda. Masikio yalikuwa yameziba. Nilihisi mkono wake umenishika juu ya kiwiko, mkavu na wenye nguvu.

"Stoo," alisema. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Opereta."

"Sema tena," alisema, na hakuniachia mkono.